Marehemu wa Meza ya Dirishani

"Pranee, hebu onja huu mchuzi, halafu uniambie nani kaupika."

"Nitajuaje? Kula, shoga yangu, usianze ukaguzi."

"Huyu kachoma binzari kabla ya kuitwanga. Ninayemjua anayefanya hivyo ni mimi, na marehemu mama yangu."

Pranee alicheka tu. Alikuwa amemwahidi rafiki yake Wilai jioni ya kukumbukwa, akamleta mahali ambapo Bangkok nzima ilikuwa inapazungumzia: nyumba ya mbao ukingoni mwa mfereji, upande wa Thonburi, watu wamepanga foleni na jua halijazama. Wilai alikuwa kaja mjini kumtembelea siku mbili tatu. Kwao ni kusini, Nakhon, ambako aliuza michuzi sokoni kila asubuhi na kumuuguza mama mkwe wake aliyepooza miguu. Mumewe, Kriang, alikuwa baharia. Mwaka wa tatu huo yuko kwenye meli ya mizigo, akipata mtandao anapiga simu, salamu nyingi kuliko matumizi.

Wilai alichota kijiko cha pili. Kaa, tui zito, majani ya tambuu pori, pilipili ya kukuvumisha masikio. Mchuzi ulikuwa mtamu mpaka ukamtia hofu. Mtu hawezi kuusahau mkono wake mwenyewe.

"Nimeshajua kwa nini mchuzi huu unakusumbua," Pranee akasema, akionyesha ukutani. "Yule mwanamke pale mmefanana."

Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya dhahabu, imevishwa shada la maua ya manjano. Chini yake vijiti vya ubani vilifuka, pembeni glasi ya soda nyekundu, sadaka ya wafu. Mwanamke kijana, nywele ndefu, anatabasamu.

Kijiko kilimtoka Wilai mkononi.

"Hatujafanana, Pranee. Ni mimi. Hiyo ni picha ya harusi yangu. Kriang alikuwa kushoto, kakatwa."

Kabla Pranee hajafumba mdomo, mwenye nyumba akawafikia, mwanamke wa makamo ndani ya hariri ya zambarau, anapita meza kwa meza kusalimia wageni. Aliitwa Rattana. Akakutanisha viganja kwa adabu.

"Karibuni, dada zangu. Chakula kimekaaje?"

"Kimekaa pake, dada," Wilai akajibu. "Yule kwenye picha ni nani?"

Rattana akashusha pumzi.

"Ndiye mwenye mapishi haya. Marehemu mke wa mpishi wetu. Alikufa maji huko kusini, maskini. Mwanamume alikaa muda mrefu hajui kucheka. Nikamhurumia, nikampa nyumba hii ya baba yangu afungue jiko la kumkumbuka mkewe. Wageni wakiisikia hadithi hiyo, wanalia juu ya sahani."

"Na wewe ni nani wake?"

Rattana akaona haya kama msichana.

"Tunaoana mwezi ujao. Kila asubuhi namwashia marehemu ubani, namwomba radhi maana naolewa na mumewe."

Pranee alitaka kuruka. Wilai akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Endelea kumwomba, dada. Anakusikia. Yuko karibu kuliko unavyodhani."

Rattana alipogeukia meza ya jirani, Wilai akatoa simu. Akapiga namba ya Kriang. Simu ikaita sikioni mwake, na ikaita pia nyuma ya pazia la jikoni.

"Haloo, mke wangu! Jana nimekuota!"

"Pi Kriang, uko wapi?" Pi, yaani kaka mkubwa, ndivyo alivyomwita tangu uchumba.

"Niko katikati ya bahari, mpenzi. Mawimbi kama milima."

"Na hizo kelele?"

"Injini hiyo."

"Injini gani inakaanga kitunguu saumu?"

Simu ikakatika. Punde ujumbe ukaingia: "Mtandao mbovu. Nakupenda sana. Msalimie mama."

Wilai akaandika: "Mimi si nimeshakufa, mume wangu? Salamu nitazifikishaje? Njoo meza ya dirishani. Chumvi umezidisha."

Pazia likafunguka. Kriang alitoka na aproni yake, upawa mkononi, uso umesinyaa kama kitambaa cha kufutia vyombo.

"Wilai..."

"Simama hapo hapo! Wageni wako wamepanga foleni kuja kumlilia marehemu. Waache wamwone."

Wageni wakaweka vijiko chini. Rattana akamtazama Wilai, akaitazama picha, akamtazama Kriang.

"Kriang, huyu ni nani?"

"Ni... ni pacha wake."

"Pacha!" Wilai akacheka kicheko kikavu. "Haya, tumuulize aliyekuzaa kama nina pacha."

Akapiga simu ya video nyumbani Nakhon. Uso wa mama mkwe ukatokea, kichwa juu ya mto.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Jirani kaniletea uji. Unarudi lini?"

"Kesho. Mama, nimempata baharia wako." Akaigeuza simu.

"Kriang? Mbona meli ina meza na wateja?"

"Mama, nitakueleza..."

"Na ile picha ya Wilai pale nyuma yako, mbona ina maua ya wafu? Nani kakwambia mkeo kafa? Huyu ndiye anayenigeuza kitandani. Ndiye anayeniosha. Ulimzika wapi, Kriang?"

"Mama, nilikuwa natafuta maisha."

"Ukayatafuta kwenye kaburi la mtu aliye hai? Nirudisheni kwa Wilai. Wewe sina la kusema nawe tena."

Mzee mmoja meza ya mbele alisukuma sahani yake mbali. Kriang alimgeukia Rattana, mikono imeunganishwa.

"Mpenzi, nisikilize kidogo..."

"Vua aproni yangu."

"Rattana..."

"Vua! Na viatu. Nilikununulia mimi."

Alitoka peku mbele ya foleni yote, watu wakimrekodi kwa simu zao. Rattana akapiga magoti mbele ya Wilai, machozi yakimharibia rangi za uso.

"Dada, naapa sikujua. Baki. Jiko hili lako, pika mwenyewe, nitakuwa chini yako."

"Sina ugomvi na wewe, inuka. Lakini siwezi kupika kwenye msiba wangu." Wilai akapanda juu ya kiti, akaishusha picha, akaliacha shada sakafuni. "Na kuanzia kesho, mapishi yangu yasitoke humu."

"Bila hayo sina cha kuuza. Itabidi nifunge."

"Funga."

Pranee alimshika mkono hadi nje. Hapo ndipo Wilai alipolia, kidogo, kisha akajipangusa na kusema twende.

Mvua zilipoanza Kriang alitokea Nakhon, kichwa na nyusi vimenyolewa kama mtawa wa Kibudha. Talaka walikuwa wameshaandikiana ofisi ya wilaya. Alisimama kizingitini akilowa.

"Wilai, nimetawa hekaluni, nimejisafisha. Nisamehe, kwa ajili ya mama."

"Mama hakukutuma."

"Sina pa kwenda. Habari zangu kila jiko wanazo, hakuna anayenipa hata kazi ya kuosha sufuria."

"Najua. Waliniuliza, nikawaambia ukweli."

"Basi niache nimwone mama tu."

Sauti ikatoka chumbani, ya mama aliyeijua sauti ya mwanawe tangu haijawa nzito ya kiume:

"Wilai, nani huyo mlangoni?"

Wilai alimtazama Kriang machoni, hakupepesa.

"Mteja, mama. Nimemwambia chakula kimeisha."

Chumbani mama akavuta shuka.

"Mfungie basi, mwanangu. Mbu wanaingia."

Wilai akafunga.