Mwenye Nyumba Alalaye Nyuma ya Jiko

Kivuko cha Likoni kilifurika watu Jumamosi ile ya mwaka 1955, na Kibwana, karani mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, akakanyaga kanga ya mwanamke aliyemtangulia.

"Kaka, hii ni nguo, si mkeka."

"Niwie radhi, bibie. Macho yalikuwa kwako, miguu ikakosa msimamizi."

Mwanamke akacheka, na karani akawa hana lake. Huyo alikuwa Mwanarusi, mwuguzi wa hospitali ya Msambweni, asmini nyweleni. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakiitana roho na moyo, imebaki posa tu.

"Kwa baba utakwenda lini?"

"Karibu, mpenzi."

Karibu yake haikufika. Kibwana alikuwa amefungwa, na kamba ilikuwa sahihi yake mwenyewe. Tajiri wake, Bwana Penrose, alikuwa na kampuni ya nazi iliyoandikishwa ng'ambo, na alitaka serikali imwone mpita njia asiye na makao, maana mgeni hutozwa kodi ndogo kuliko mkaazi. Basi jumba lake la Galu akaliandikisha kwa jina la karani, akamwapisha: "Ukinena, jela tutakwenda sote." Mwenye jumba la vyumba sita akawa analala nyuma ya jiko. Bibi arusi amwingize wapi? Na kuhama haiwezekani. Mwenye nyumba hahami kwake.

Siku moja Mwanarusi alipiga simu Galu. Akaitikia mke wa Penrose kwa lafudhi ya Kizungu, akidhani ni watu wa kodi.

"Halo! Hapa nyumba ya Bwana Kibwana."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi naishi hapa. Wataka nini?"

Simu ikakatwa.

Kibwana alipomfuata Msambweni, alimkuta mlangoni pa wodi, kofia nyeupe, macho mekundu.

"Hongera, bwana! Jumba, na Mzungu ndani!"

"Mwanarusi, nisikilize..."

Akamweleza yote, kiapo na kila kitu. Mwanarusi alicheka hata akashika ukuta.

"Maskini tajiri wangu!" Kisha kicheko kikaisha. "Sasa sikiliza wewe. Kama nyumba ni yako, nitie ndani. Kama si yako, sema mbele za watu. Mimi sitaolewa kwa kufichwa."

Jumatatu afisa wa kodi akafika Galu. Bwana Penrose alikuwa ameketi barazani, kofia magotini, kama mgeni kweli.

"Nyumba hii ya nani?"

Tajiri akamkazia macho karani wake.

"Kwa karatasi, yangu, bwana. Kwa kulala, njoo nikuonyeshe."

Akampeleka nyuma ya jiko, penye kitanda cha kamba na sanduku moja.

Kabla ya adhuhuri alikuwa nje ya lango, kazi hana, ameamriwa asitoke wilayani mpaka kesi isikizwe. Mwanarusi alikuwa akimngoja njiani.

"Umesema?"

"Nimesema. Nimefukuzwa nyumbani kwangu."

Akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Basi twende kwa baba. Atakuuliza una nini."

"Suruali mbili na kesi mahakamani."

"Anza na suruali," akasema Mwanarusi, akamshika mkono.