Picha Yenye Miguu

KUHUSU: KUTOONEKANA KWA MPIGA PICHA KATIKA PICHA ALIZOPIGA MWENYEWE.

Ndivyo Simeon wa Tetu alivyoianza barua kwa mwanawe wa pekee, Machi 1994. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani wa masjala miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumponya: hata ng'ombe wake alikuwa na faili, na faili lilikuwa na nakala.

Mutahi alikuwa akisoma Saint Louis, Marekani. Kila mwezi alituma picha: tao kubwa la chuma, daraja la zamani, meli za watalii kwenye mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Watu hakuna.

"Baba, niko na kamera," alijibu, "lakini sina wa kunipiga."

Simeon alizipanga picha hizo mezani, kando ya kikombe kimoja. Nyumba ilikuwa kimya tangu amzike mkewe, Ngendo. Jioni hiyo, akipalilia kaburi lake pembeni mwa shamba la kahawa, alimtania.

"Wewe sasa huna kazi. Si uende ukampige kijana picha? Na miguu iwemo."

Ngendo hakuwahi kukubali picha iliyokatwa miguu. Mtu asiye na miguu, alikuwa akiuliza, atarudije nyumbani?

Bahasha ilikuja Mei. Picha tatu, na Mutahi alikuwa ndani ya zote, anacheka. Simeon alilia kidogo, akajifuta, akasoma.

"Baba, nimepata wa kunipiga. Ni mama mmoja hupita hapa mtoni jioni. Simwoni vizuri, jua huwa nyuma yake. Lakini ni wa kwetu! Ananiambia kwa Kikuyu: rudi nyuma kidogo, nione miguu. Jumapili tunamalizia."

Alizitazama tena, polepole.

Katika ya kwanza, kijana alikatwa kiunoni. Ya pili, magotini. Ya tatu, kwenye vifundo. Nyuma yake mawe ya ukingo yaliteremka, na maji yalikuwa karibu.

Ndani ya kila picha, sehemu ya chini, kulikuwa na kivuli cha aliyeshika kamera. Mwanamke. Ameinama. Kikapu cha kiondo mgongoni, ukanda wake umeshikwa na paji la uso.

Barua ilikuwa imekaa njiani wiki tatu.

Simeon alifika Nyeri mjini bila kofia. Simu aliyopiga Saint Louis ilipokelewa na Gatobu, kijana wa Meru aliyeishi na Mutahi.

"Mzee, keti kwanza."

"Hapa hakuna kiti. Sema."

"Ati haujapata telegramu? Mzee... Jumapili ile. Ni maji."

"Alikuwa peke yake?" Simeon alinong'ona.

"Polisi wanasema peke yake. Lakini kamera tuliipata juu ya mawe. Ilikuwa kavu."

Jeneza lilipokuja, lilifuatana na picha ya mwisho. Mutahi mzima, kichwa hadi viatu. Viatu vikavu, juu ya maji. Anacheka.

Kivuli kilikuwa kimemnyooshea mikono yote miwili.

Simeon alimzika kando ya mama yake. Kisha akafungua faili la mwanawe, na chini ya kichwa kile kile cha barua ya Machi akaandika kwa mwandiko wa masjala:

"Mhusika alikosa mtu wa kumpiga picha. Nilimtuma mama yake. Alimpiga, miguu ikiwemo, akamrudisha nyumbani."