Jina Lililokaa Bure

Paka alikutwa ndani ya kabati la nguo, na kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ambao Mama Kibonge huuvaa shingoni. Alilifungua asubuhi ili achukue kitambaa cha mteja, akamkuta amejikunja juu ya sketi zake, nusu mweusi nusu mweupe, na mstari wa rangi hizo mbili umepita katikati ya uso, umenyooka kama uliopigwa rula. Paka hakushtuka wala hakukimbia. Alimtazama Mama Kibonge kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Kibonge, bintiye wa miaka minne, alimpenda papo hapo. Mchana, mezani, ikawa kazi ya kumtafutia jina.

"Madoa," alisema mume wa Mama Kibonge, fundi redio, mtu wa maneno ya kuhesabu.

Paka akafumba macho.

"Mwiteni Gazeti," alisema wifi yake. "Jeusi na jeupe, na halina habari ya maana."

Wakacheka. Paka hakufumbua macho, ila chumba kilijaa harufu ya nguo iliyoungua kwa pasi. Mama Kibonge, ambaye ni mshonaji, aliinuka akaenda kuangalia. Pasi ilikuwa ya baridi, imechomolewa tangu jana. Wakajaribu jina la tatu, la nne, la tano, na kwa kila jina lililokataliwa harufu ile ilizidi, mpaka machozi yakaanza kuwatoka.

"Huyu anataka jina la mtu," alisema mama mkwe. "Lakini la ukoo wangu hapati. Majina ya wazee wangu siyaweki kwenye mnyama." Alisogeza macho taratibu mpaka kwa mkwewe. "Mpe lako, Mama Kibonge. Tangu umezaa nani anakuita? Limekaa bure."

Ilikuwa kweli. Kwa wateja alikuwa fundi, kwa wifi alikuwa wifi, na mumewe naye alimwita Mama Kibonge hata walipokuwa wawili tu. Jina alilopewa na baba yake lilikuwa halijasikika nyumba ile kwa miaka minne. Alitaka kukataa, lakini kumkatalia mama mkwe jambo dogo mbele ya wote ni kujitafutia makubwa. Akajichekesha.

"Haya, mpeni."

Wifi akamwita paka kwa jina hilo. Paka akafumbua macho, akaruka juu ya kiti cha Mama Kibonge, akakaa.

Wifi ndiye aliyenogewa. Kutwa alilitaja: fulani mwizi wa maziwa, fulani mvivu, fulani ondoa uchafu wako hapa. Siku moja alimpiga paka teke la ubavuni. Mama Kibonge, aliyekuwa kwenye cherehani chumba cha pili, alikatika pumzi akaangukia meza, na alipovua blauzi alikuta alama nyekundu ya vidole vitano vya mguu.

"Wifi, nakuomba, tumbadilishie jina."

"Una wivu na paka sasa?"

"Teke umempiga yeye, nimeumia mimi. Tazama."

Wifi alitazama. Alitazama vizuri, kisha akasema, "Basi usiibe maziwa."

Mambo yalifika kwa mama mkwe siku ya kufua. Walikuwa uani yeye na mkwewe, wanaanika, waliposikia mwanamke akimbembeleza Kibonge kwa wimbo chumbani, na sauti ilikuwa ya Mama Kibonge, na Mama Kibonge alikuwa amesimama pale pale na vibanio mdomoni. Walisogea dirishani, wakamwona mtoto amelala fofofo, kichwa juu ya tumbo la paka, na paka akiwatazama, na midomo yake ikiendelea kuchezacheza ingawa wimbo ulikuwa umekwisha.

"Usimguse," mama mkwe alinong'ona. "Kesho namleta mganga."

Mganga alikuja saa sita mchana, mtu mpole mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Aliwaketisha wote sebuleni. Paka alikuwa kwenye mapaja ya Kibonge.

"Jini hutoka kwa jina alilolikubali," alisema. "Nikiliamuru mara tatu, mwenye jina ataondoka na hatarudi. Anaitwa nani?"

"Msimtajie," alisema Mama Kibonge. "Jina hilo ni langu."

Mganga akamgeukia. "Ni lako? Basi lazima nijue. Litaje."

Alifungua kinywa. Alilitafuta kwanza kwenye ulimi, kisha kwenye sauti ya baba yake, kisha kwenye daftari zake za shule, na kila alipofika alikuta pameshapanguswa, pasafi, pana harufu ya kitambaa kilichoungua.

"Baba Kibonge," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie."

Mumewe aliangalia kucha zake. Alimtazama mama yake, akarudi kwenye kucha.

"Humu ndani kuna mtu mwingine mwenye jina hilo?" mganga aliuliza.

"Hakuna," alisema mama mkwe. "Huyu ni Mama Kibonge." Akamtajia jina sikioni.

Mganga aliliamuru mara ya kwanza, na miguu ya Mama Kibonge ikasimama. Akaliamuru mara ya pili, na miguu ile, ambayo hakuituma, ikavuka sebule huku yeye akishika kiti, akishika meza, akishika mkono wa mumewe ambao ulijikunja ukamponyoka, akimwita mwanawe na mwanawe asigeuke kwa sababu alikuwa akimkuna paka shingoni. Na ya tatu ilipotamkwa alijikuta nje kwenye jua kali, peku, na mlango ukafungwa kwa komeo.

"Msimfungulie," mganga aliwaambia walioko ndani. "Atabisha. Atalia kama mtu, atasema yeye ni mama wa mtoto. Ndivyo walivyo."

Alibisha. Alibisha mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

"Nani huyo?" aliuliza Kibonge kule ndani.

Akajibiwa kwa upole, kwa sauti ambayo Mama Kibonge aliijua kuliko sauti zote duniani.

"Ni paka tu, mwanangu. Lala."