Mshahara wa Mvusha Watoto

Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umetanda barabarani, Mvusha Watoto alisimama mbele ya shule na kibao chake cha SIMAMA. Magari yalikuja polepole, taa zao hafifu kama zinazoonekana usingizini. Mara nyingi mawazo yake yalielea mbali, hadi mtoto amvute koti ndipo azinduke.

Mwaka huo manispaa ilipandisha faini ya kutumia simu wakati wa kuendesha gari. Faini hizo ndizo zilizomlipa mshahara. Mwanzoni fedha zilimiminika. Baadaye madereva wakashika adabu, na mshahara ukaanza kusuasua. Mkewe alimtania kwamba wema wa madereva utawalaza njaa.

Alicheka, lakini maneno yale yalimganda moyoni. Siku moja aliona gari likija, dereva ameinamia simu. Akafurahi. Aliiona faini, akauona mshahara, akaiona hata sufuria ikichemka. Katika kuota huko alichelewa kuinua kibao, na msichana mdogo alikwisha kushuka barabarani. Breki zikalia. Gari lilisimama likigusa mkoba wa mtoto.

Jioni hakungoja chakula. Alikwenda kwa jirani yao, Dada wa Bajeti, aliyefanya kazi manispaa. Alimkuta akianua nguo, akamweleza yote, hata ile furaha. Uso ulimshuka kwa aibu.

"Kaka, na sisi ofisini tuna lawama," dada alisema huku akikunja shuka. "Faini ikipanda, mapato hupanda kwanza. Watu wakiacha kosa, mapato hushuka. Tumekulipa kwa fedha ambazo tunataka ziishe."

"Sasa niombe watu wakosee?"

"Hata kidogo. Wewe ulipwe kwa kodi, maana kazi yako ni ya kila siku. Faini zinunue vitu vya mara moja, kama rangi ya kivuko na taa."

Alimweleza pia kwamba faini kupungua si hasara tupu. Ajali zikipungua, hospitali hutumia fedha kidogo kutibu majeruhi. Kisha akamkumbusha kuwa mkutano wa bajeti ulikuwa karibu, na kila mwananchi aliruhusiwa kusema.

Mvusha Watoto alikwenda. Alisimama akaomba wavusha watoto walipwe kwa kodi, si kwa faini. Hakuificha hata furaha yake ya siku ile.

Bajeti mpya ilipopitishwa, mishahara ya wavusha watoto ilihamishiwa kwenye kodi. Faini zilizobaki zilinunua rangi nyeupe ya kivuko. Ziliendelea kupungua, na nyumbani kwake hakuna aliyelala njaa.

Asubuhi moja aliinua kibao, magari yakasimama. Watoto walivuka bila haraka, wakipiga soga. Alitazama vioo vya magari, kimoja baada ya kingine. Nyuso zote zilikuwa zimeinuka, zikiwatazama watoto. Hakuona hata dereva mmoja aliyeinama, akafurahi kutoka moyoni.