Korido Usiiguse

Siku hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Watu walipishana na mabomba mabegani, mashine ya kukatia vioo ilipiga kelele kule nyuma, na muuzaji alikuwa akijibu wateja watatu kwa mdomo mmoja. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa barabara, kitambaa cha maua kichwani, amekumbatia ndoo ya rangi kwa mikono miwili.

"Dada, hiyo unakwenda kupaka wapi?" sauti ya kiume iliuliza nyuma yake.

"Ukutani. Kwani wenzangu hupaka wapi?"

"Huo ukuta una unyevu?"

Aligeuka. Alimwona mwanamume mrefu, ovaroli ya bluu iliyochakaa magotini, vumbi la saruji limemwingia hadi kwenye kope. Sura nzuri, mtu wa kuudhi.

"Umejuaje?"

"Una unga wa ukuta kwenye kiwiko. Ukipaka rangi hiyo juu ya unyevu, baada ya mwezi utakuwa unaizoa kwa ufagio."

"Na wewe ni nani, daktari wa kuta?"

"Fundi tu. Ila wagonjwa wangu huwa hawalalamiki."

Alicheka bila kupenda, na hapo ndipo alipoharibu mambo, maana fundi alikuwa na udhaifu kwa wanawake wanaocheka bila kupenda. Ndoo ilirudi rafuni. Namba za simu zilibadilishwa, eti kwa ajili ya ukuta.

Mwanamke huyu alikuwa mshonaji wa mapazia, tena hodari. Hoteli za miji mitatu zilimgombea. Alikuwa akiishi na mama yake katika nyumba aliyoiacha marehemu baba, na nyumba ilikuwa inakufa. Paa lilivuja jikoni, madirisha yalikuwa hayafungiki, ukuta wa sebuleni ulivimba kila mvua. Alikuwa amejaribu kuikarabati mwenyewe kwa mikono yake, jioni baada ya kazi, akaishia na mgongo unaouma na bomba lililopasuka. Kaka yake alikuwa na dawa moja tu: nyumba ifungwe, Mama ahamie kwake ghorofa ya tano. Mama alisema akihamishwa atakufa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma.

Fundi alianza na paa. Siku ya kwanza mshonaji alimtembeza nyumba nzima, kisha akasimama kwenye korido inayotoka mlango wa mbele hadi jikoni, yenye ukuta wa mashimo, nyufa na misumari mikongwe.

"Korido usiiguse."

"Bosi, korido ndiyo mbaya kuliko zote."

"Nimesema usiiguse. Na usiniite Bosi."

"Sawa, Bosi."

Sababu hakumwambia. Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho moja, kisha la pili, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Waliojua ni watoto wake wawili tu, kwani alikuwa amewaapisha. "Sitaki kuonewa huruma na watu," alisema. Ndani ya nyumba yake alitembea kifua mbele, kiganja kikipita ukutani kidogo tu. Shimo, maana yake kushoto ni jikoni. Ufa, bafu. Msumari, chumba chake. Fundi alidhani yule mama anashika ukuta kwa sababu ya magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Leo umechelewa, na dirisha la jana umelipatia kweli." Huku amelipapasa kingo zote nne.

Fundi alijivuna wiki nzima kwa sifa hiyo.

Paa likapona, na mapenzi nayo yakapanda humo humo. Walipendana juu ya ngazi, mmoja anashika, mwingine anapigilia. Mshonaji alipokwenda kufunga mapazia ugenini, simu zilifululiza.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe unafanya nini?"

"Napiga lipu jikoni na kukukumbuka. Lipu inatoka imepinda."

"Usinipindishie jiko langu kwa mapenzi, nitakukata mshahara."

"Nilipe kwa kurudi mapema."

Mara mbili mshonaji alitaka kumwambia kuhusu Mama. Mara mbili alikumbuka kiapo, akaongea habari za vigae.

Balaa lilianzia kwenye huruma. Mshonaji alipata kazi ya siku tano mji wa pili, na Mama akaenda kwa mwanawe kwa ajili ya kliniki. Fundi akabaki peke yake ndani ya nyumba, ana lipu, ana rangi, na anampenda mwenye nyumba. Akaitazama ile korido. Akajiambia: huyu mwanamke ananibania kazi hii kwa sababu anaogopa gharama, na ni mwenye haya, hawezi kusema. Basi nitamfanyia zawadi.

Alifanya kazi siku tano kama mtu aliyepagawa. Aling'oa misumari, akaziba mashimo, akapiga lipu mpya, akailainisha hadi ukuta ukateleza mkononi. Kizingiti cha jikoni, kile alichokuwa akijikwaa kila siku, alikivunja akasawazisha sakafu. Akamalizia na rangi ya maziwa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Siku ya kurudi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama mwisho wa korido, meno yote nje. Mama na binti waliingia pamoja.

"Karibuni!" alisema.

Mshonaji aliona, akanyoosha mkono amshike Mama. Mama alikuwa ameshatangulia, mwendo wake ule ule wa kujiamini, kiganja ukutani. Kiganja kiliteleza. Kikarudi nyuma, kikapapasa juu, kikapapasa chini, kikatafuta. Uso wake ukabadilika. Lakini Mama hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Akaendelea, akanyanyua mguu juu kuvuka kizingiti ambacho hakikuwepo, akakanyaga hewa, akaangukia mkono wake wa kulia.

"Umefanya nini?" mshonaji alipiga kelele. "Nilikwambia usiguse! Umefanya nini?"

"Nilitaka tu kukufurahisha... Mama, samahani, sakafu haitelezi, sijui..."

"Mama haoni!"

"Haoni nini?"

"Haoni! Haoni kitu! Miaka mitatu! Toka nje!"

Na Mama pale chini, ameshika kiwiko, hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa ameinamisha uso asitazamwe.

Mkono ulikuwa umeteguka tu, lakini Mama hakutoka tena kitandani. Chakula aliletewa, akala vijiko viwili. Alipohitaji kwenda bafu aliongozwa kwa mkono, na hilo ndilo lililommaliza.

"Nirudisheni nyumbani kwangu," alisema siku ya nne.

"Mama, hapa ndipo kwako."

"Hapa si kwangu. Kwangu nakujua."

Mshonaji alitoka, akakaa sakafuni koridoni, akaegemeza kichwa chake kwenye ule ukuta mzuri, akalia hadi kitambaa kikalowa. Alimchukia fundi. Alijichukia zaidi, kwa kuwa sentensi moja tu ingetosha, na alikuwa ameibana miezi miwili. Simu iliita mara ishirini kwa siku. Hakupokea. Hakuweza kwenda kazini na kumwacha Mama peke yake, na hoteli zikaanza kutafuta washonaji wengine. Kaka akasema basi imetosha: Jumamosi saa nne asubuhi atakuja na gari kumchukua Mama. Mama alisikia, akageukia ukutani.

Ijumaa asubuhi simu iliita tena. Akapokea ili amtukane.

"Usikate," alisema fundi. "Nina taulo machoni."

"Una nini?"

"Taulo. Tangu juzi nimejifunga macho nikiwa chumbani kwangu. Nimegonga goti mara nne. Nimejimwagia chai. Chumba changu kina hatua sita tu na nimepotea humo, Bosi. Nimekaa chini nikalia. Niambie kulikuwa na nini kwenye ule ukuta. Kila shimo. Nitavirudisha."

Alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja. "Mimi sijui vyote. Anajua yeye."

"Basi nataka kumwuliza yeye."

"Hasemi na mtu."

"Hata kunifukuza tu, atasema."

Alifika na ndoo ya lipu mbichi, mwiko, na ovaroli ile ile. Alipiga magoti mlangoni pa chumba cha Mama.

"Mama, ni mimi."

"Najua. Unanuka saruji."

"Nimekuja kuharibu kazi yangu. Sijui pa kuanzia. Nisipoongozwa nitakosea tena."

Mshonaji, nyuma yake, aliuma kitambaa.

"Wewe nawe," Mama alimwambia binti yake, "ulikuwa unampenda mtu na kumficha kwamba mama yako haoni?"

"Uliniapisha, Mama."

"Niliapisha mdomo wako kwa majirani. Huyu ni jirani?" Akanyoosha mkono mzima hewani. "Fundi, ninyanyue. Taratibu."

Walifanya kazi hadi alasiri. Fundi alibandua rangi na kupaka lipu mbichi pale alipoambiwa, na Mama akachora kwa kidole: ufa wa bafu, mrefu, uliopinda mwishoni. Msumari ulipigiliwa mlangoni pa chumba chake. Kizingiti kilijengwa upya, na Mama akakipima kwa unyayo mara tatu. "Kipunguze kidogo. Baba yao alikuwa mfupi." Likabaki shimo la jikoni. Hapo Mama alisita.

"Lile alilitoboa marehemu," alisema. "Siku tuliyohamia. Alikosa msumari, nyundo ikala ukuta. Nilimcheka mpaka akanuna. Kila siku nilikuwa naweka ngumi yangu mle."

Fundi aliuweka mwiko chini. Lile shimo alikuwa amelijaza lipu huku akipiga mluzi.

"Mama, hilo siwezi kulirudisha."

"Huwezi. Piga lako."

"Mama, hiyo kazi ni ya mtu wa nyumba hii."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Fundi alimgeukia mshonaji. Mshonaji alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimpita kati ya vidole.

"Bosi?"

"Piga," alisema kwa shida. "Umeshasikia umeposwa na mama mkwe."

Fundi akakunja ngumi, akaizamisha ndani ya lipu mbichi.

Jumamosi saa nne gari lilipiga honi nje. Binti aliinuka, Mama akamzuia kwa kiganja. Alitoka kitandani mwenyewe, akajifunga kanga yake, mkono ulioteguka kifuani. Aligusa msumari. Akapita ufa, polepole, akaufuata hadi pale unapopinda. Honi ililia tena. Karibu na jikoni alisimama, akatia ngumi yake ndani ya shimo, ikacheza humo.

"Mkono wa huyu ni mkubwa kuliko wa baba yako," alisema.

Aliegemeza paji la uso ukutani. Kisha akautoa mkono.

"Nitazoea," alisema, akageuka kwenda kumfungulia mwanawe mlango ili amwambie arudi kwake na gari lake.