Mama Amerudi na Nyuzi Tumboni

Sauti za wanawake zilisikika kwanza, zikiimba kwa kupokezana, kabla mtu yeyote hajaonekana barabarani. Speciosa alikuwa nyuma ya wodi, hospitalini Rulenge, akifua kanga za mama yake kama alivyofanya kila asubuhi. Aliinua kichwa. Wimbo ule aliujua. Ulikuwa wimbo wa kubebea wagonjwa, na kijijini kwao Bukiriro uliimbwa na wanaume tu, kwa sababu machela ilibebwa na wanaume.

Kisha wakatokea kwenye kona, wamejaa vumbi hadi magotini, machela tupu ikiwa mabegani. Shangazi Genoveva alikuwa mbele.

"Wanaume wenu wako wapi?" mlinzi wa getini aliuliza huku akicheka.

"Wako vitani, wanamfukuza nduli aliyevamia nchi," Genoveva alijibu. "Wewe umebaki kulinda geti. Haya, lifungue!"

Wenzake wakaangua kicheko. Speciosa naye alicheka, kifua kimemjaa fahari. Mabasi yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari mpakani, na baba yake alikuwa miongoni mwa hao askari. Lakini kijiji chao cha ujamaa hakikumwacha mama.

Mama yake, Febronia, alikuwa amepasuliwa tumbo na kutolewa uvimbe. Jana yake, alipokuwa amelala usingizi wa dawa, Sista Deodata alimwita Speciosa kando ya kitanda.

"Huko nyumbani muuguzi ni wewe," alisema. "Kidonda kisiguswe na maji mpaka nyuzi zitolewe zahanati. Tumbo lisikandamizwe. Asinyanyue kitu kizito, ila atembee kidogo kidogo kila siku. Ukiona damu, usaha au homa, mpelekeni zahanati mbio. Na uwaeleze watu wote wa nyumbani."

"Ndiyo, Sista."

Lakini neno lililobaki moyoni mwa Speciosa ni lile la kwanza: muuguzi ni wewe.

Machela ilipofika nyumbani, Speciosa alifanya kila kitu peke yake. Alipika uji, alifua, alichanja kuni, alimshika mama mkono wakatembea uani. Rozalia, rafiki yake wa darasani, alikuja na ndoo.

"Leo nikuchotee maji?"

"Acha tu. Mimi ndiye niliyefundishwa na Sista."

"Haya, daktari mkubwa! Kesho tutapanga foleni tukachomwe sindano," Rozalia alisema, akaondoka na ndoo yake.

Jioni shangazi Genoveva alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Hospitali walisemaje, mwanangu?"

"Ni mambo ya kitaalamu, shangazi. Hutayaelewa. Mimi ninayajua."

Genoveva alimpa wifi yake pole, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Speciosa alikwenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi aliona moshi ukitoka jikoni kwao, kisha akasikia mama akilia kwa maumivu. Alitua ndoo, akakimbilia ndani.

Genoveva alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, sufuria ya maji ya moto ikitoa mvuke, akimkanda mama tumboni kwa kitambaa. Ndivyo alivyowakanda wanawake wote wa kijiji walipojifungua, na wote walipona. Kwake yeye, kumwacha mwenye maumivu ya tumbo bila kumkanda ni kumtelekeza, na ile bandeji aliidhani ni ya kubana tumbo tu.

"Vumilia, wifi," alikuwa akisema. "Yatatulia sasa hivi."

"Shangazi, acha! Nyuzi!"

"Nyuzi gani?"

"Ameshonwa! Tumbo lake limeshonwa kama nguo!"

Kitambaa kilimponyoka Genoveva. Bandeji ilikuwa imelowa, na doa la damu lilikuwa likienea juu yake.

"Mungu wangu! Nimemkanda mtu aliyeshonwa! Nilikuuliza, Speciosa. Mbona hukuniambia?"

Speciosa aliisukuma mbali sufuria ya maji ya moto. Genoveva alitoka nje akipiga kelele. Wanawake waliokuwa wakilima shamba la kijiji walitupa majembe, wakaleta machela, wakamkimbiza mama zahanati. Njia nzima Speciosa alikimbia ubavuni, akiomba Mungu kidonda kisifunguke.

Mganga wa zahanati alitoa bandeji iliyolowa, akainama kuangalia.

"Uzi mmoja umelegea," alisema hatimaye. "Kidonda hakijafunguka. Mmewahi. Mngekaa mpaka kesho, ingekuwa habari nyingine."

Walipomrudisha mama nyumbani, mzee Gaspari, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akiwangoja uani, habari zote amekwisha kuzisikia. Genoveva alianza kulia.

"Kosa ni langu, balozi."

"Ngoja kwanza," Gaspari alisema. "Wewe ulifanya unachokijua. Speciosa, Sista alikufundisha kwa niaba yetu sote. Ukaficha mafundisho yake kama vile mgonjwa ni wako peke yako. Mama yako alibebwa na mabega mengi, na kumwuguza nako kunataka watu wengi. Mwenye kujua asipowaambia wenzake, wanaweza kuua mtu huku wanampenda."

Speciosa alisimama mbele ya wanawake wale, akaeleza maagizo yote ya Sista, moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo Rozalia alichota maji, wengine walipika na kufua kwa zamu, na Genoveva akashika mlango. Hata waliokuja kusalimia aliwahoji.

"Wewe, mikono umenawa? Na hicho kisufuria ni cha nini? Kama ni maji ya moto, rudi nacho kwenu! Mtu huyu ana nyuzi!"

Nyuzi zikatolewa. Mama Febronia akarudi kutoka zahanati kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, kichwa juu, na kijiji kizima kikampigia vigelegele. Wengine walisema wanaume wakirudi kutoka vitani watakuta machela ina wenyewe.

Katikati ya vigelegele hivyo Speciosa alimwendea Genoveva, akapiga magoti.

"Shangazi, nisamehe. Nilisema hutaelewa."

"Nimekwisha kukusamehe. Ila kichwa changu ni kigumu, unajua. Siku nyingine nikikuuliza, nisipoelewa je?"

Speciosa alimshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Kila nitakalofundishwa nitakuja kukueleza, shangazi. Usipoelewa nitarudia, na nitarudia tena, mpaka uelewe. Nakuahidi."