Koti la Bwana Harusi

"Shoga, mimi simo, lakini mchumba wako anakunywa dawa ya kikohozi na wala hakohoi."

Maneno hayo aliyatoa muuza vitambaa, huku anakunja kitambaa chake kama hakusema kitu. Fundi cherehani alicheka, akamwambia aache umbeya. Lakini maneno yalimganda.

Mchumba wake alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mcheshi, wateja walikaa foleni kwa ajili ya utani wake. Harusi ilikuwa inakaribia, na koti la bwana harusi fundi alilishona kwa mkono wake mwenyewe. Jioni hiyo akamwita aje kulijaribu. Likampwaya mabegani.

"Umekonda, mpenzi."

"Mawazo ya harusi hayo. Wewe punguza tu."

Swali lilimfika kooni. Badala ya kuuliza akatia pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haulizi kitu. Akapunguza.

Baada ya wiki chache likapwaya tena. Safari hii kinyozi alijikunakuna mikono, macho mazito, akasinzia kasimama huku anapimwa. Fundi akawaza aibu kabla ya hatari: mawifi watasemaje wakimwona bwana harusi kavaa gunia? Akapunguza tena. Na ili koti likae vizuri, akachukua mkasi akaikata ile akiba ya kitambaa ambayo kila fundi huiacha ndani ya mshono ili nguo iweze kuachiwa ipanuke.

Siku mbili tatu zikapita, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulitoka kwa mdogo wa kinyozi:

"Wifi njoo haraka. Kaka kaanguka saluni, hazinduki."

Hospitalini, daktari alieleza kuwa mgonjwa alichanganya dawa ya kikohozi na vidonge vya usingizi, pumzi ikawa inakatika. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mtandio umemwanguka, hana habari nao.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unampima. Hukuona?"

"Niliona, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilipunguza koti."

Harusi iliahirishwa. Kinyozi akapelekwa kwenye matibabu ya kuacha dawa, akakaa huko miezi. Aliporudi mashavu yalikuwa yamejaa na utani umerudi, ila mikono ilitetemeka, hata kikombe kilimshinda. Wembe hakuushika tena.

Akalijaribu koti. Halikufunga.

"Liachie kidogo basi, fundi wangu."

"Haliachiki. Nilikata akiba yote."

Kinyozi akakaa kwenye kigoda, koti limembana makwapani.

"Kila ulipotoa futi ya kunipimia, nilijisemea leo ataniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema kweli?"

"Sijui. Lakini hukuniuliza."

Walioana, bwana harusi kavaa shati tu. Koti bado linaning'inia pale dukani. Mteja akiuliza bei, fundi humwambia haliuzwi, kisha huinamia cherehani yake.

Basi wanangu, epukeni haya:

Dawa ya kikohozi wakati hukohoi.

Vidonge vya usingizi au vya maumivu ambavyo daktari hakukuandikia wewe.

Kuchanganya dawa na dawa, au dawa na pombe.

Bangi, unga, gundi ya kunusa, hata kama ni kuonja tu.

Rafiki anayesema haina madhara, mbona inauzwa dukani.

Na ukimwona umpendaye anakonda, usimpunguzie nguo. Toa pini mdomoni, umuulize.